MAJIVUNO WA KUSADIKIKA BADO YUPO MJINI, NA NYIE NDIO MNAMPIGIA MAKOFI

Wadau, leo ubuyu tuuweke pembeni kidogo. Kuna watu wanamtetea Waziri Majivuno, yule wa Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha 1951. Eti hakuwa dhalimu, alikuwa mkali tu, na kiongozi lazima awe hivyo. Hapo hapana. Tena hapana kubwa.

Tukumbushane. Karama kosa lake lilikuwa nini? Hakuiba, hakuua, hakumtukana mfalme. Alitaka watu wafundishwe sheria. Basi! Majivuno akamburuza mbele ya mfalme kama vile kaleta vita. Na kwenye zile siku sita za utetezi ndio unagundua Karama siyo wa kwanza. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wajumbe sita, walisafiri kwa ajili ya nchi yao, wakateseka huko, wakarudi na mambo ya maana. Wakapokelewa na gereza.

Huo siyo ukali jamani. Mtu mkali anakuadhibu ukivunja sheria. Majivuno anakuadhibu ukitaka kuijua.

Sasa tuje mjini. Kuna mabosi wa muziki na filamu hapa Dar, majina nayaacha, wenyewe wanajijua. Dogo anakuja kutoka mkoani na kipaji chake, ana miaka 20, anawekewa makaratasi ya Kiingereza mezani. "Saini hapo mdogo wangu, studio inatusubiri." Anasaini. Miaka miwili baadaye wimbo unapigwa kila daladala na kila duka la Kariakoo, yeye kodi ya chumba inamshinda. Siku akiomba nakala ya mkataba wake mwenyewe anajibiwa, "Siku hizi umekuwa mjuaji eeh?" Kuanzia hapo shoo hapati, nyimbo hazitoki, na mtaani inasambazwa kwamba kalewa sifa.

Na wanaosambaza ni akina nani? Sisi. "Hana shukrani huyo." "Amesahau alikotolewa." Tunamhukumu hata hatujamsikia. Afadhali Karama, alipewa siku sita za kujieleza. Huyu dogo hapewi hata dakika sita.

Najua mtasema bosi katoa hela yake. Sawa, airudishe na faida juu, nani kakataa? Lakini kumlipia mtu studio siyo kununua haki yake ya kujua alichosaini. Na kama mkataba ni wa haki, kwa nini ufichwe kwenye droo? Mwenye mzani sahihi haogopi mteja akiangalia mshale.

Tatizo letu tulisoma kile kitabu kwa ajili ya mtihani. Taja tabia tano za Majivuno, ukapata alama zako, ukamwacha humo humo. Huku Posta kuna Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa ipo hapo hapo. Jina la mzee tunalipita kila siku, alichokisema hatuna habari nacho.

Halafu angalieni Karama alivyotoka. Hakulia, hakuomba huruma. Alileta hoja, kisa baada ya kisa, mpaka mfalme akamwachia na waliofungwa wakatolewa. Kwa hiyo wewe msanii unayechipukia, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Kwa kawaida mtunzi ndiye mwenye haki ya kwanza kwenye kazi yake. Kabla hujasaini, chukua hayo makaratasi upeleke kwa mwanasheria akusomee. Bosi akikataa yasitoke ofisini, ushajua umekaa na nani.

Na sisi mashabiki, siku msanii akisema kadhulumiwa, tumsikilize kwanza. Akiwa muongo tutajua. Majivuno hakuwafunga wale sita peke yake, kulikuwa na watu kibao waliokaa kimya wakiangalia.

Haya, uwanja ni wenu. Anayetaka kumtetea Majivuno aje na hoja, matusi abaki nayo nyumbani.