GUTA LA UMEME NA TELA: TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi kilabuni na kisimani ni maneno ya guta la umeme tu. Wapo wanaosema chama kinunue upesi, lifungwe tela, mahindi yatoke shambani hadi ghalani kabla ya mvua. Wengine wamekwisha kuanza kutafuta wanunuzi wa maksai wao. Sisi tunasema: polepole, ndugu.

Siyo kwamba umeme hauvuti. Unavuta, tena sana. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inavuta mabehewa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Lakini treni ile inapata umeme wa waya njia nzima. Guta limebeba chakula chake lenyewe, ndiyo betri. Ikiisha porini, hakuna dumu la kukimbilia dukani.

Na tela zito linakula betri. Laweza kupunguza safari karibu nusu. Basi ukiambiwa guta linakwenda kilomita 60, uliza: na tela au bila tela?

Mlima ndiyo zaidi. Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, Ziwa Rukwa mita 800 hivi. Kupandisha tani moja kutoka bondeni mpaka huku juu kunataka karibu yuniti 3 za umeme kwa kuinua tu, mbali na tope na mchanga. Tani moja ni magunia kumi ya kilo 100. Guta na tela bado hatujahesabu. Na sisi tunavyopenda lumbesa!

Kuteremka nako kuna mambo. Mota ikizuia mwendo hurudisha umeme kidogo kwenye betri, lakini betri iliyojaa haipokei. Tela lisilo na breki litamsukuma dereva mpaka korongoni.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Kwanza, muuzaji alete guta hapa, livute tela letu, njia yetu, mzigo uliopimwa kwenye mizani, wanachama wakiona kwa macho.

Pili, aandike kwenye karatasi uzito linaoruhusiwa kuvuta. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Tatu, mtu asiuze maksai wake. Umeme ukikatika, maksai hana habari. Yeye anakula majani.

Fedha ya chama ni jasho la jembe. Mkutano ukiitwa tuje wote, na akina mama hasa, maana mzigo ukikosa chombo huishia kichwani kwao. Maendeleo tunayataka, lakini yaliyopimwa.