Maarifa ya Nyumbani: Pazia la Mafunjo Liendalo Benibeni

Karani mmoja akaaye Kitale aliagiza mapazia matatu ya mafunjo kwa mama mmoja mfumaji wa Bungoma. Nusu ya fedha aliitoa mbele. Nusu ya pili aliahidi kuilipa mapazia yakishatundikwa. Yakatundikwa, na lo! yote matatu yalikwenda benibeni, upande mmoja juu, wa pili chini. Karani akaona amedanganywa, akaizuia ile nusu iliyobaki, nayo ndiyo mama aliyoitumainia kwa karo ya mwanawe.

Mama hakutuma barua ya matusi. Alipanda gari, akapita Webuye na Kiminini, akabisha hodi.

"Bwana Karani," alisema baada ya kuamkiana, "kabla hujanihukumu, yateremshe mapazia, uyatundike tena kwa kuyageuza, mkono wa kulia uwe wa kushoto."

"Kuna faida gani, mama?"

"Upungufu ukihama pamoja na pazia, kosa ni langu. Ukibaki pale pale ulipokuwa, kosa ni la ukuta wako au la kamba zako."

Jaribio hilo ni jepesi, na ajabu ni kwamba watu wachache hulifanya. Pazia la kwanza lilipogeuzwa, upande wa mlango ulibaki chini vile vile. Karani alikuwa amepima kulabu zake kutoka kizingiti cha juu cha dirisha, na nyumba ile ni ya udongo, ya zamani. Kizingiti chenyewe kilikwisha kuinama. Asiye na pimamaji na atwae mpira mwembamba upitishao nuru, autie maji, aushike ncha mbili huku na huku. Pasipokuwa na povu ndani, maji yatasimama usawa mmoja, na hapo ndipo pa kutia alama. Kulabu moja ilihamishwa, mambo yakaisha.

La pili nalo lilishikilia upande wake, ijapokuwa kulabu zilikuwa sawa. Hapo palikuwa na kamba za katani za kukunjia, na moja ilikuwa karibu na mahali ambapo mvua hurushwa na upepo. Kamba ya katani ikilowa huvimba, na ikivimba hufupika. Basi huuvuta upande wake juu. Dawa yake ni kuzianika kamba zote mbili, kisha kuzifunga upya kwa urefu mmoja. Walio waangalifu huzilowesha zote kwanza na kuzikausha zikiwa zimening'inizwa mawe ya uzito ulio sawa, ndipo wazitumie. Kamba ya nailoni haina matata mengi hivyo, ila haipendezi machoni kando ya mafunjo.

Pazia la tatu lilipogeuzwa, upungufu ulihama nalo. Mama alilitazama kitambo, akapitisha vidole ukingoni. Mafunjo, yawe yamekatwa katika kinamasi cha Yala au penginepo, shina lake ni nene chini na jembamba kuelekea kichwani. Mfumaji mwema hupishana: shina hili huweka kitako kulia, lifuatalo kushoto. Katika pazia hili vitako vyote vilikuwa upande mmoja. Kitako kikizidi ncha kwa milimita 1 tu, mashina 100 yakishonwa hivyo, upande mmoja utakuwa mrefu kuliko mwenzake kwa sentimita 10! Tena pazia la namna hiyo likikunjwa, upande mnene hufanya bunda kubwa, na bunda zima huzidi kwenda mshazari. Hakuna kulabu wala kamba iwezayo kuliponya.

"Hili alilifuma binti yangu," alisema mama, "nami sikulikagua."

Ipo njia ya haraka: kukata nyuzi katikati, kuigeuza nusu ya chini kulia kwa kushoto, na kuishona tena. Ukingo wa chini utakuwa sawa, ingawa mistari ya katikati itainama kidogo. Mama hakuitaka njia hiyo kwa pazia la kuuza. Alilikunja alichukue Bungoma, alifumue lote.

Karani alimlipa salio la mapazia mawili siku ile ile, akamsindikiza mpaka stendi, bunda la tatu begani mwake.