Kabla ya Kusema Kinanda cha Mzee Kimekufa, Pima Kwanza

Kuna mzee mmoja, jina kapuni, aliyekuwa anapiga kinanda kwenye bendi iliyojaza kumbi za Dar miaka ya 1990. Na kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, anayetaka kuurudia wimbo mmoja wa bendi hiyo. Dili lilikuwa rahisi: mzee akileta kinanda chake kama alivyokipiga enzi zile, analipwa kama mpigaji na jina lake linaandikwa kwenye wimbo. Akishindwa, anatafutwa kijana wa studio apige upya, na mzee anaambulia "shukrani za pekee". Kila mtu mjini anajua shukrani za pekee hazilipi kodi ya nyumba.

Sasa shida ikaanza. Kanda ya studio haijulikani ilipo. Kilichobaki ni data iliyohifadhiwa ndani ya kinanda chenyewe, Yamaha ya miaka hiyo hiyo. Draivu yake ya floppy haisomi tena, matundu ya MIDI yamekufa, na kumbukumbu yake inashikiliwa na betri. Njia iliyobaki ni tundu dogo la duara kwa nyuma, limeandikwa TO HOST. Huo ni mlango wa seriali, ule unaopeleka data biti moja baada ya nyingine, uliotamba kabla USB haijashika mji.

Programu ya kuuendesha mlango huo iliandikwa kwa ajili ya Windows za zamani, na kompyuta ya mzee ilishaenda na maji. Ndipo prodyuza mmoja, dogo tu wa Sinza, akaamua kuwasha Windows 98 ndani ya laptopu yake kwa VirtualBox, yaani mashine pepe: kompyuta ndani ya kompyuta.

Jioni ya kwanza, kimya. Mzee anabonyeza, Windows 98 haioni kitu. Meneja wa staa akatoa hukumu palepale: "Hicho kimekufa, kapimeni skrepa, aje kijana apige upya." Washkaji wakacheka, klipu ikapanda status.

Hapo ndipo watu wanapokosea, na sio kwenye muziki tu. Meneja hakuwa na ushahidi kwamba kinanda kimekufa. Alichokuwa nacho ni ukimya. Na kati ya kidole cha mzee na ile Windows kulikuwa na vituo vitano: kinanda, waya, adapta ya USB, laptopu na mashine pepe. Kituo chochote kikigoma, matokeo ni yaleyale, kimya. Kukihukumu kinanda kwa sababu ndicho kizee kuliko wote sio utaalamu, ni uvivu.

Dogo hakubishana. Alianza kupima, kituo kimoja kimoja.

Kwanza mashine pepe. VirtualBox huja na milango ya seriali ikiwa imezimwa, kwa hiyo Windows 98 ilikuwa inasubiri kwenye mlango ambao haupo. Akaizima mashine, akawasha mlango kwenye mipangilio, akachagua "Host Device" na kuandika jina ambalo laptopu iliipa adapta: COM5. Kumbe kosa lake jingine lilikuwa kuitafuta COM5 hiyo ndani ya Windows 98. Namba ya nje na ya ndani hazilazimiki kufanana. Ndani alikuwa ameiweka COM1, anwani 3F8, IRQ 4, na huko ndiko kwa kuangalia.

Pili laptopu. Mashine ikakataa kabisa kuwaka. Sababu? Programu ya kuflashia simu ilikuwa imeachwa wazi na imeikalia COM5. Mlango wa seriali hautumikii mabwana wawili. Akaifunga, mashine ikawaka.

Tatu adapta. Akachukua klipu ya kubania karatasi, akaunganisha pini ya 2 na ya 3, yaani ya kupokea na ya kutuma. Akafungua HyperTerminal ndani ya Windows 98, akazima udhibiti wa mtiririko, akaandika herufi. Zikarudi kwenye skrini. Akatoa klipu, zikaacha kurudi. Kwa kipande cha waya cha bei ya chapati, vituo vitatu vikawa vimeachiwa huru kwa ushahidi. Zikabaki pande mbili tu: waya wa mzee na kinanda.

"Mzee wangu, hiki kiswichi cha nyuma ulikuwa unakiweka wapi?"

"Mwanangu, mara ya mwisho alikigusa fundi. Mimi sijakisogeza."

Kiswichi kina nafasi nne: MIDI, PC-1, PC-2 na Mac. Kilikuwa kwenye MIDI, na kikikaa hapo TO HOST haitoi kitu. Kwa Windows kinatakiwa kuwa PC-2, mwendo wa biti 38,400 kwa sekunde. Kikazimwa kinanda, kikasogezwa kiswichi, kikawashwa tena. Mzee akabonyeza noti moja. Windows 98 ikaipokea.

Usiku huo kumbukumbu yote ikamwagwa kwenye laptopu na kutolewa nakala tatu.

Tumtendee haki meneja. Muda wa studio ni hela, na kijana mwenye sikio zuri angeweza kuuiga wimbo ule kwa saa chache. Lakini data ya MIDI haibebi noti peke yake. Inabeba noti ilipigwa lini na kwa nguvu kiasi gani. Kule kuchelewa kidogo kwa mkono wa kushoto wa mzee, ndiko kulikofanya watu wainuke kwenye viti, kumo mle. Kijana angepiga wimbo sahihi, ila usingekuwa wa mzee. Na hela isingekuwa ya mzee.

Hilo ndilo la kukumbuka. Ukisema "kimekufa" bila kupima, wewe hupotezi kitu. Anayepoteza ni mwenye nacho, na mara nyingi ni mtu ambaye hajui hata neno la kujitetea mbele ya vijana wenye laptopu.

Vinanda vya aina hii bado vipo chini ya vitanda vya wajomba na baba zetu, betri zake zinaisha taratibu, na zikiisha hakuna mashine pepe itakayorudisha kilichokuwemo. Wikiendi hii mpigie mzee wako, msalimie, muulize kama chake bado kinawaka. Halafu angalia kiswichi cha nyuma.

Wewe ungekuwa meneja ungefanyaje? Tiririka kwenye komenti.