Kukariri Si Kujua

Msomaji mwema, umepata kumwona mwanafunzi akikabili hesabu ya kasi ya mmenyuko? Huitafuta kanuni kichwani kabla hajalimaliza swali. Akiikumbuka hutabasamu; akiisahau huweka kalamu chini. Elimu hiyo ni ya kasuku, na lawama yake si ya mwanafunzi peke yake. Ni ya kila mwalimu aliyemkaririsha asimweleze.

Mwaka 1850 Ludwig Wilhelmy, mtaalamu wa Ujerumani, alitia sukari ya miwa katika maji yenye asidi, akapima jinsi ilivyogeuka. Aliona kuwa kasi hufuata kiasi cha sukari kilichobaki: sukari ikiwa nyingi, kasi huwa kubwa; ikipungua, kasi nayo hupungua. Hiyo ndiyo maana ya mmenyuko wa daraja la kwanza. Kwa muda ulio sawa huondoka sehemu iliyo sawa, si kiasi kilicho sawa.

Tuseme sukari ni gramu 80, na nusu ya iliyopo hugeuka kila dakika 20. Baada ya dakika 40 hubaki ngapi? Asiyefahamu hutoa 40 mara mbili, akasema haibaki hata chembe. Anayefahamu huhesabu 80, kisha 40, kisha 20.

Je, dakika zikiwa 50? Hapo kanuni yahitajika, wala siidharau. Gawa 0.693 kwa 20, kisha zidisha kwa 50, upate 1.73. Herufi e ikipewa kipeo cha hasi 1.73 hutoa 0.177, ndiyo sehemu iliyobaki: gramu 14 hivi. Lakini anayefahamu alijua mapema kuwa jibu litakuwa kati ya 20 na 10. Kasuku akipata 141 hulipigia mstari, asishangae kuwa sukari imezidi ile ya mwanzo.

Utasema mtihani hutaka jibu, hautaki maana. Mtihani hupita. Dawa nyingi hutoka katika damu ya mgonjwa kwa kanuni hii hii. Tabibu asiyeihesabu robo iliyosalia mwilini, akarudia kipimo kile kile upesi, huweza kuilimbikiza dawa mpaka iwe sumu. Na kosa hilo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Basi ukipewa swali, jiulize kwanza: kulikuwa na kiasi gani, huondoka sehemu gani, na kwa muda gani? Ukiisha kujijibu, ndipo uitwae kanuni.