Kijana wa Embu na mlango uliobaki wazi katika Sheria ya Data

Wengi wetu huku Pwani tunaijua Embu kwa muguka. Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku biashara ya majani hayo Mombasa, Mei 2024, amri ya kusimamisha marufuku ilitoka Mahakama Kuu ya Embu, na kwa muda tukawa tunawazungumzia watu wa huko kama mahasimu. Miezi saba baadaye Embu ilipatwa na jambo jingine, ambalo Mpwani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Jumamosi ya Desemba 21, 2024, kijana wa miaka 24 alichukuliwa kwa kinyozi mjini Embu na watu waliojifunika nyuso. Alikuwa amesambaza kwenye X picha iliyomwonyesha Rais William Ruto ndani ya jeneza. Vijana wenzake wakaingia barabarani. Polisi wakasema hawahusiki. Wiki hiyo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilitangaza kwamba visa vya utekaji nyara tangu Juni vimefika 82, na watu 29 bado hawajulikani waliko. Rais mwenyewe, akiwa Homa Bay Desemba 27, aliahidi kuvikomesha. Kijana alirudi nyumbani Januari 6, 2025, na wenzake kadhaa wakaachiliwa wakati huo huo.

Picha ile haikuwa na adabu, na anayetaka kusema hivyo aseme. Lakini mtu akikosa kuna OB, kuna hati ya mashtaka na kuna hakimu. Mimi nataka tuangalie upande unaosahaulika. Ili umpate mtu kwa sababu ya alichokiandika mtandaoni, unahitaji mambo mawili: kujua ni nani mwenye akaunti, na kujua yuko wapi saa hiyo. Yote mawili ni data binafsi, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu Novemba 2019. Je, sheria hiyo ina la kumwambia mzazi wa Embu?

Kwa wadogo, sheria ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ilitozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, ilitozwa 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa namba zilizochukuliwa kwa wengine. Aliyewahi kupigiwa simu na mkopeshaji kwa deni la shemeji yake anajua uzito wa uamuzi huo. Na malalamiko yakifika afisi ya kamishna, sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90.

Ila faini yenyewe ina kikomo: shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Ulaya ni kinyume: euro milioni 20 au asilimia nne, ipi iliyo kubwa. Sasa weka hapo Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018. Raia anayepatikana na hatia ya kumsumbua mwenzake mtandaoni anaweza kutozwa milioni 20, au kufungwa miaka 10, au yote mawili. Oktoba 15, 2025, siku ambayo nchi ilipokea habari za kifo cha Raila Odinga, Rais alitia saini marekebisho yaliyopanua kosa hilo. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu hiyo. Anayepoteza data ya maelfu ya watu hatishiki kama anayeandika sentensi moja.

Mlango wenyewe uko kifungu cha 51. Kinaondoa matumizi ya data kwenye masharti ya sheria yakiwa ni ya lazima kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Ni kweli kinataka misingi ya uhalali iheshimiwe hata hapo. Lakini nani apime kama usalama wa taifa umeguswa, au ni heshima ya mkubwa tu? Hakisemi.

Sisi huku tumeupitia mlango huo zamani. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyoruhusu vyombo vya dola kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini hicho ikakiacha. Wakati huo waliokuwa wakitoweka walikuwa vijana wa Mombasa, Kwale na Kilifi, na Haki Africa ilipoandika habari zao wengi bara walinyamaza: ni mambo ya magaidi hayo. Miaka kumi baadaye aliyechukuliwa alikuwa kijana wa Embu mwenye picha ya kompyuta.

Afrika Kusini kuna mfano wa karibu. Februari 2021 Mahakama ya Katiba iliamua, katika kesi ya mwanahabari Sam Sole na kituo cha amaBhungane, kwamba sheria ya kunasa mawasiliano ilikiuka Katiba kwa sababu, pamoja na kasoro nyingine, mtu aliyefuatiliwa hakuambiwa kamwe. Ikaagiza aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya ruhusa ya jaji kuisha. Dola inaweza kufuatilia, ila kuna jaji aliyeruhusu na kuna barua itakayokuja.

Wabunge wetu wakitaka wanaweza. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipotaka kuondoa kinga inayoizuia KRA kulazimisha biashara kuipa data ya wateja wao, Kamati ya Fedha ililikataa pendekezo hilo. Kifungu cha 51 nacho kinahitaji aya mbili tu za nyongeza: ruhusa ya jaji kabla, na taarifa kwa mhusika baada ya hapo. Wabunge wa Pwani na wa Embu walikabana koo kwa ajili ya muguka. Hili wangeliwasilisha pamoja.