Kumbukumbu Isiyo na Anwani

Yako malalamiko ambayo mwalimu wa sekondari wilayani Same, au popote pengine nchini, huyatoa kwa uchungu wa haki. Shule imepata kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Michango imekusanywa kwa taabu, maana huko tambarare za Makanya na Hedaru mvua ni haba na shilingi haiokotwi njiani. Vipande vya kumbukumbu vikanunuliwa, vikapachikwa, jumla yake gigabaiti 4. Mashine ilipowashwa, kioo kikaandika: iliyopachikwa 4, inayoweza kutumika 3.25. Papo hapo neno likawa moja: fundi ametuibia.

Nataka kumtetea fundi huyo. Wezi wapo, sikatai. Lakini robo tatu ya gigabaiti iliyopotea hapa haimo mfukoni mwa mtu.

Wenyeji wa milima ya Upare wanao mfano wao wa kufikiria jambo hili. Tangu enzi za mababu wamechimba ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokinga maji ya vijito usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Mwanafunzi aliyekulia Bangalala au Vudee akiambiwa kwamba kumbukumbu ni hifadhi, hufikiri ndiva. Akiona upungufu, hufikiri ufa. Mfano ni mzuri, ila hapa unapotosha. Maji hayana namba. Debe la kwanza na la mwisho ni mamoja, na yote hufuata mteremko yenyewe. Kumbukumbu ya kompyuta haina mteremko. Kila baiti sharti iitwe kwa namba yake, na ile isiyo na namba ya kuitwa ni sawa na isiyokuwapo, hata kama imelipiwa.

Afadhali twende posta. Tuseme posta moja imeamua kwamba namba ya sanduku isizidi tarakimu tatu. Anwani zitakuwa 1,000, toka 000 hadi 999, wala hakuna ujanja wa kuziongeza. Seremala akijenga masanduku 1,500, hayo 500 ya ziada yatakaa na funguo zake mpya yasipate barua milele. Sasa tuseme pia kwamba namba 200 kati ya hizo 1,000 zimetengwa kwa hospitali, mahakama na ofisi nyingine ambazo barua zao hupelekwa moja kwa moja mlangoni. Hapo hata seremala akijenga masanduku 1,000 kamili, yatakayotumika ni 800. Masanduku 200 ni mazima, yamesimama ukutani, lakini namba zao zimekwisha kuchukuliwa.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Yenyewe haihesabu kwa tarakimu kumi bali kwa mbili, 0 na 1, na kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Anwani ya biti 32 huweza kuandikwa kwa namna 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Hizo ndizo gigabaiti 4. Na kama posta yetu, si anwani zote ni za kumbukumbu: kadi ya picha, kadi ya mtandao na programu ya kuwashia mashine nazo huitwa kwa anwani, na kwa desturi hupewa zile za juu kabisa. Ndiyo sababu kadi kubwa ya picha huweza kula anwani nyingi zaidi, na kompyuta mbili zenye vipande vile vile zikaonyesha hesabu tofauti.

Jambo hili si geni. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo baiti 1,048,576 tu. Kilobaiti 640 zikaachiwa programu, 384 za juu zikatengwa kwa kioo na vifaa. Intel ilipotoa prosesa ya 80386 mwaka 1985, gigabaiti 4 zilionekana kama bahari. Mwaka 1995 Pentium Pro ilikuja na anwani za biti 36, zinazofikia gigabaiti 64. Hapo msomaji makini atauliza: mbona basi Windows za biti 32 zilizokuja baadaye majumbani na mashuleni zilikomea 4? Jibu ni kwamba waundaji waliamua hivyo. Programu nyingi za kuendeshea vifaa zilikuwa zimeandikwa kwa imani kwamba hakuna anwani inayovuka gigabaiti 4, na zilipokutana nayo zilivuruga mashine. Linux ya biti 32 iliyoandaliwa kwa anwani za biti 36 huzitumia. Ukuta huo, basi, kwa sehemu ni wa vyuma na kwa sehemu ni wa maamuzi ya watu.

Zipo sababu nyingine za upungufu, nazo ni nyepesi: kadi ya picha isiyo na kumbukumbu yake hukopa ya kompyuta, toleo fulani la programu huwekewa mpaka na muuzaji, kama Windows 7 Starter iliyokomea gigabaiti 2, au kipande hakikushika vizuri kwa vumbi, na vumbi la Same wakati wa kiangazi halihitaji maelezo.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyofundisha. Kijana anafundishwa kubonyeza, kuandika barua na kuchapa, kana kwamba kompyuta ni taipureta yenye kioo. Vipeo amevisoma katika hisabati. Hakuna aliyemwonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 32 ni kitu chenye bei dukani. Ningependa kila darasa lipewe zoezi la posta hapo juu, kisha lile la nyaya 20, kabla ya kugusa kibodi.

Na kabla ya kuchangisha tena wazazi, mwalimu aulize mambo mawili: je, mfumo uliopakiwa ni wa biti 32 au 64? Na bodi ya mashine inaruhusu kumbukumbu kiasi gani? Prosesa nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2006 hukubali biti 64, na Linux ya namna hiyo haiuzwi. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haina kabisa toleo la 32. Bali mwenye gigabaiti 2 asiharakie kubadili kwa ajili ya kumbukumbu peke yake: hana baiti iliyokosa namba, na katika mfumo wa biti 64 kila anwani inayohifadhiwa hula baiti 8 badala ya 4, hivyo nafasi yake hiyo ndogo itabana zaidi.