Galaksi Zisizo na Mikono

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa katika shule moja ya Temeke. Mwanachuo alichora ubaoni galaksi yenye mikono iliyopinda, akasema kwamba galaksi zote huzunguka hivyo, na kwamba mzunguko ndio unaozizuia nyota zisiangukie katikati. Mtoto mmoja akaonyesha picha kitabuni, galaksi laini kama yai, akauliza, "Na hii isiyo na mikono?" Akaambiwa akae. Kwa maoni yetu swali lile lilikuwa bora kuliko somo zima.

Edwin Hubble, mwaka 1926, aliziweka galaksi duaradufu mwanzoni mwa mpango wake, na hata leo wataalamu huziita, pamoja na zile za umbo la dengu, galaksi za aina ya awali. Jina hilo lisimpotoshe mwanachuo: nyota zake nyingi ni kongwe. Zamani ilidhaniwa kwamba ubapa wake hutokana na kuzunguka. Vipimo vya miaka ya 1970 vilionyesha kwamba zile kubwa huzunguka polepole mno, hata mzunguko hauwezi kueleza umbo lake. Humo kila nyota hushika njia yake. Huvutwa kuelekea kati, hupita kwa kasi hadi upande wa pili, kisha huvutwa tena. Mwendo ukizidi upande mmoja, umbo nalo hurefuka upande huo.

Taa za Kinondoni zimeufifisha usiku, lakini uwanja wa shule watosha. Kundi la kwanza lishikane mikono lizunguke. Katika kundi la pili kila mtoto akimbie kutoka ukingoni, apite karibu na kati, afike ng'ambo, ageuke. Kundi halitawanyiki wala halirundikani, ingawa halina mwelekeo mmoja. (Watagongana, bila shaka; nyota hazigongani, kwani zimeachana mno.)

Wala tusiwaambie watoto kwamba galaksi hizi hazizunguki kabisa. Kati ya 260 za aina ya awali zilizopimwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, ni 36 tu zilizozunguka polepole. Basi na uwepo mchezo wa tatu: wakimbie kila mmoja kwa njia yake, lakini wengi wakielekea kulia.

Na mwalimu atakayefika penye giza mwezi Juni, yapata saa tatu usiku, atazame kusini kwa darubini ndogo ya macho mawili. Centaurus A, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni 12, huonekana kama doa hafifu la ukungu, bila mkono hata mmoja.